Mama wa Ubatizo wa Handaki la Haslbrunn

Haslbrunn, 12 Machi 1983

Mdogo wangu Kassian,

Naomba barua hii ikukute mzima, na joto la huko Karakasi liwe halijakuyeyusha. Sisi wazima. Mume wangu Xaver anaumwa mgongo, ila mdomo wake hauumwi na kitu. Leni binti yetu amepata mchumba, Gustl wa kwa seremala, kijana mpole mpaka namwonea huruma. Baa inakwenda.

Sasa sikia. Wameanza kuchimba. Uwanja wa kanisa huwezi kuutambua: katikati kuna shimo la kushukia, limezungushiwa mbao, mkabala na mlango wangu wa jikoni. Xaver alihudhuria mikutano yote akapiga kelele kwamba stesheni ya treni ya chini ikijengwa hapa, jiji la Munich litatumeza na viatu vyetu. Wakamsikiliza kwa adabu, kisha wakachimba. Na sasa wachimbaji wenyewe ndio wanaokula kwetu mchana na jioni, na kofia zao ngumu vichwani kama majogoo. Xaver anawapakulia huku akilaani.

Jana walikuja wanne jikoni, wakiongozwa na nyapara wao, Ignaz, yule uliyefanya naye kazi ya kuchimba zamani. Akasema, "Mama, tunakuomba uwe mama wa ubatizo wa handaki letu." Nikacheka. Kazi hiyo si hupewa mke wa mkubwa fulani? Ignaz akasema, "Mke wa meya tulimwomba. Akauliza kama viatu vitachafuka. Na wewe ni dada yake Kassian."

Kumbe jina lako bado lina bei huku.

Basi Jumapili nitaweka sanamu ya Mtakatifu Barbara, mlinzi wa wachimbaji, kwenye kishubaka mdomoni mwa handaki, padri ataibariki, na kuanzia hapo handaki litaitwa kwa jina langu mpaka siku stesheni itakapofunguliwa. Kibao nimekwisha kukiona: HANDAKI LA NOTBURGA, jina langu zima la ubatizo. Xaver anasema yeye hajawahi kunipa kitu kikubwa hivyo. Niandikie mama wa ubatizo anatakiwa afanye nini hasa, nisije nikakutia aibu mbele ya wenzako.

Dada yako,
Burgl


Karakasi, 9 Aprili 1983

Dada Burgl, shikamoo.

Barua yako ilichukua karibu mwezi, lakini ilipofika niliisoma mezani kwa sauti, na wote tukanywa kwa afya yako. Mimi mzima. Tunachimba treni ya chini hapa pia, kwenye udongo ambao Mungu aliuumba akiwa na haraka. Mwambie Leni mjomba amefurahi, na mwambie Gustl asiogope, mama mkwe wake anabweka lakini haumi.

Umeniuliza kazi. Ni ndogo na ni kubwa. Tarehe nne Desemba, sikukuu ya Barbara, unawalisha. Chini huingii mpaka pande mbili za handaki zikutane. Mwanamke akiingia kabla ya hapo ni mkosi, hutapata mtu wa kushika sururu kesho yake. Na ikitokea ajali, utaitwa. Ukiitwa, acha ulichoshika. Nenda ukasimame mdomoni mwa shimo mpaka mtu atolewe, mzima au maiti. Huna la kufanya pale, unasimama tu. Wake zetu wako mbali milimani, Dada. Wewe kwa saa hizo ndiye mke wa kila mmoja. Huenda usiitwe hata mara moja.

Kuna mtu atakuja kwako, anaitwa Valentin Pirkner. Kwenye kambi ya wachimbaji yeye alilala kitanda cha juu na mimi cha chini, kwa hiyo nimemjua kwa kukoroma kabla sijamjua kwa sura. Mimi ndiye niliyemwandikia aache kazi ya bwawa aje Haslbrunn. Mke wake, Agathe, hakutaka. Nikamwandikia na yeye: mama wa handaki lile ni dada yangu wa tumbo moja, mumeo anakwenda nyumbani. Basi mpe nyama ya ziada.

Mdogo wako,
Kassian


Haslbrunn, 28 Agosti 1983

Mdogo wangu,

Sote hatujambo. Leni na Gustl wamepanga arusi Jumamosi, tarehe kumi na tano Oktoba, na itafanyika hapa hapa kwetu. Watu mia na ushei. Natamani ungekuwepo, lakini najua mkataba ni mkataba.

Valentin wako amefika. Alipiga hodi mlango wa jikoni, akanyoosha mkono, akasema, "Mama, mimi ndiye anayekoroma." Nikampenda papo hapo. Anakula kama watu wawili, kisha anakunja kitambaa cha meza vizuri kama mtoto wa shule. Jumapili anamwandikia Agathe kwenye meza ya dirishani, na akikwama neno ananiuliza mimi.

Handaki limepita chini ya ghala letu la bia. Ukuta umepata ufa, unaweza kupitisha kidole. Xaver alifurahi sana, akaenda kuwaita watu wauone. Kisima cha mchungaji wa ng'ombe, kule nyuma ya kanisa, kimekauka. Wanavutana pia juu ya jina la stesheni: jiji linataka Haslbrunn Kaskazini, na sisi hatujawahi kusikia kwamba kuna Haslbrunn Kusini.

Mimi kila asubuhi natazama kile kibao nikitupa maji ya kuoshea vyombo. Usinicheke. Sijawahi kuliona jina langu mahali popote isipokuwa kwenye cheti.

Burgl


Haslbrunn, 30 Oktoba 1983

Mdogo wangu Kassian,

Uwe na afya. Arusi imepita, Mungu ashukuriwe, na Leni alipendeza kuliko mama yake alivyowahi kupendeza. Padri alihubiri kwa kifupi, ni muujiza. Ngoma ilipigwa toka mchana. Ukumbi ulikuwa joto maana madirisha yalifungwa. Vijana walimwiba bibi harusi kama kawaida yao, wakaenda naye baa ya pili kunywa, na maskini Gustl akazunguka kijiji kizima kumtafuta amkomboe. Alimpata amekaa juu ya meza anaimba. Bili alilipa baba yake huku akitabasamu kwa meno tu.

Keki ilitosha. Nguo yangu ilikuwa ya kijani.

Kazi ya stesheni inaendelea. Kulikuwa na shida kidogo, walisimama siku chache, sasa wameanza tena. Nimechoka, nitaandika zaidi nikipumzika.

Burgl


Karakasi, 27 Novemba 1983

Dada, shikamoo.

Hongera kwako, kwa Xaver na kwa wanandoa. Nimeweka kitu kidogo kwenye bahasha kwa ajili ya Leni. Mimi mzima, isipokuwa jino moja. Krismasi sitakuja, mkataba hauniruhusu.

Sikukuu ya Barbara inakaribia, najua umeshaanza kukata vitunguu. Wasalimie wote. Msalimie Valentin hasa. Mwambie aniandikie, ni muda sijapata neno lake. Arusini alicheza? Nyumbani kwao yeye hucheza mpaka viti vinamkimbia.

Kassian


Haslbrunn, 6 Januari 1984

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya. Theluji imefika magotini. Leni ana mimba, ndiyo, mapema, usihesabu. Xaver alianguka ghalani lakini alianguka kwenye gunia.

Sikukuu ya Barbara ilifanyika. Nilipika sana na kilibaki kingi.

Salamu zako nimezipata.

Burgl


Karakasi, 5 Februari 1984

Dada Burgl, shikamoo.

Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi mpaka nikageuza karatasi nitazame nyuma. Hongera kwa mjukuu.

Lakini mbona Valentin hajibu? Kaninunia? Mwambie sijasahau soksi alizonikopesha. Muulize kama bado anakula kama wawili. Na muulize anaionaje sauti ya handaki, hapo chini ya ghala lenu. Yeye ana sikio la kazi hii, mimi sina.

Nisalimie sana Valentin.

Kassian


Haslbrunn, 11 Machi 1984

Kassian,

Kwanza habari za nyumbani: wote wazima. Leni anakula matango usiku na mchana.

Siwezi kukufikishia hizo salamu. Valentin amefariki. Mchanga wenye maji uliojificha ardhini ulipasuka upande wa mashariki wa handaki ukamfukia. Ilikuwa siku ile ile ya arusi. Walimchimbua mpaka jioni, na walipomfikia alikuwa ameshakufa. Sikukuandikia kwa sababu sikujua nianze wapi, kisha siku zikapita, na kila siku iliyopita ikafanya ya pili iwe ngumu zaidi. Nisamehe.

Najua utauliza. Ndiyo, niliitwa. Ignaz alikuja mlango wa jikoni, amejaa tope, akasema, "Mama, njoo upesi." Kassian, ilikuwa siku ya arusi. Bibi harusi alikuwa ndiyo kwanza ameibwa, kila mtu anamdanganya mwenzake, watu wanajificha makabatini. Nikadhani ni utani. Nikadhani sasa wanataka kumwiba na mama wa bibi harusi. Nikamwambia aje baadaye, nikarudi kwenye masufuria. Nilipojua kwamba si utani, ilikuwa imekwisha.

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Usiniandikie maneno makali, hapa nayapata ya kutosha bila hata mtu kufungua mdomo.

Burgl


Karakasi, 15 Aprili 1984

Dada,

Sianzi kwa shikamoo, maana sijui kama ninastahili uniitikie.

Nilijua. Ignaz aliniandikia juma lile lile la mazishi. Barua yake nilikuwa nayo mfukoni nilipokuandikia "msalimie Valentin". Nilikuwa nayo nilipouliza kama alicheza. Nilitaka useme mwenyewe. Nikajiambia, nitamsukuma polepole, dada yangu hajawahi kunificha kitu tangu mama alipotuacha. Nikamtumia maiti salamu, si mara moja. Nikaandika na habari ya soksi. Juzi nilisoma tena nakala za barua zangu, nikatoka nje nikakaa na mbwa.

Hiyo ni aibu yangu na nimekukabidhi. Sasa nakuuliza kitu kimoja, na baada ya hapo sitakuuliza tena.

Wewe umewalisha mwaka mzima, umeona. Mchimbaji akiwa kazini havui kofia yake, hata mezani, hata mbele ya mke wa meya. Huivua mbele ya Barbara, na pale mwenzake anapokuwa amefukiwa. Xaver amewatania kwa hilo mara ngapi. Njia ya mwongo ni fupi, Dada, kwa hiyo usinijibu haraka.

Ignaz aliposimama mlangoni mwako, kofia ilikuwa kichwani au mkononi?

Kassian


Haslbrunn, 19 Agosti 1984

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Leni amejifungua mtoto wa kiume, mnene, ana masikio yako. Wamemwita Benno.

Habari za stesheni ni nyingi. Nasikia pande mbili za handaki zimekutana mwezi uliopita. Nilisikia kutoka kwa muuza maziwa. Xaver anasema alisikia vigelegele chini ya sakafu ya ghala akadhani ni panya wamelewa. Sasa wanaweka vigae: vya kijani cha maji hadi kiunoni, na juu ya hapo vyeupe. Kutakuwa na ngazi zinazojiendesha, na bibi mtunza kanisa ameapa hatazikanyaga mpaka afe, na akifa wampitishe njia nyingine. Jina limeamuliwa: Haslbrunn, basi, bila kaskazini wala kusini. Xaver anadai ni ushindi wake.

Ile nyumba ya muuza farasi imenunuliwa na mtu wa benki wa mjini. Ameshapaka mlango rangi ya manjano.

Nilipata barua yako ya Aprili.

Burgl


Haslbrunn, 4 Novemba 1984

Kassian,

Leo nimetoka makaburini kuwawashia mishumaa baba na mama wa Xaver. Wote hapa hawajambo. Nimekaa kwenye meza ya dirishani kwa sababu Xaver amekwenda kucheza karata, na nimejiahidi nisiinuke kabla sijamaliza.

Mkononi.

Alikuwa ameishika mkononi, mbele ya kifua, kwa mikono miwili. Nywele zake zilikuwa zimelala kwa jasho. Niliiona kofia kabla sijamwona yeye. Nilijua, Kassian. Hakuna aliyefikiri ni utani. Ule utani niliushona baadaye, usiku, kama mtu anayetia kiraka.

Akasema, "Mama, njoo. Ni Valentin." Alilitaja jina. Nikamwambia, "Ignaz, leo ni arusi ya mwanangu. Ngoja kwanza nipakue nyama." Hivyo ndivyo nilivyomwambia. Nikasukuma mlango kwa kiuno kwa sababu mikono yangu ilikuwa na sinia.

Nilipakua. Nilipakua meza zote. Nilikuwa nimefikiri neno moja tu: Leni asijue. Nilimlea yule mtoto nikimwahidi siku moja, siku moja tu ya kwake peke yake, na nikaona nikitoka kwenye mlango ule na nguo yangu ya kijani, wageni watanifuata, ngoma itanyamaza, na maisha yake yote atakumbuka arusi yake kwa maiti. Hiyo ndiyo sababu nzuri. Kuna nyingine: niliogopa. Sikutaka kuona. Nilikuwa nimekubali kibao na kishubaka na kupigwa picha pamoja na padri. Ukubwa ni jaa, mama alikuwa akisema, na mimi nikataka ukubwa bila takataka.

Nilikuandikia kwamba ukumbi ulikuwa joto maana madirisha yalifungwa. Ni mimi niliyeyafunga, moja moja. Niliyafunga ili wale walio kwenye shimo wasiisikie ngoma. Mtu anayedhani ni utani hafungi madirisha.

Desemba niliwapelekea chakula, kama ulivyonifundisha. Nilikuta wamemgeuza Barbara, uso ukutani. Hakuna aliyenifokea. Wachache walikula, wamesimama. Nikamwomba Ignaz wakitoe kibao chenye jina langu. Akasema, "Handaki halibadilishwi jina likiwa nusu, mama, ni mkosi. Vumilia. Sisi nasi tunavumilia." Tangu siku ile hawali kwetu. Wanakuja na mkate mfukoni wanakula kwenye mbao, mkabala na mlango wangu.

Xaver hajui yote. Leni hajui lolote. Nimeona nikuambie wewe, ingawa najua la kuvunda halina ubani.

Dada yako, ukitaka bado,
Burgl


Karakasi, 9 Desemba 1984

Dada yangu Burgl, shikamoo. Niitikie.

Nimesoma. Sina hukumu. Krismasi iliyopita nilikuwa na likizo ya kuja nyumbani, nikakuambia ni mkataba. Ningekuja ningelazimika kukutazama usoni, na kumtazama mtu mwingine ambaye sasa lazima nikuambie habari zake.

Agathe aliniandikia baada ya mazishi. Hakuuliza mchanga, hakuuliza kampuni, hakuuliza fidia. Aliuliza, "Dada yako alisimama?" Basi. Mstari mmoja. Barua ya Ignaz nilikuwa nimeshaipata. Na mimi, niliyemtoa mume wake kwenye bwawa na kumwahidi kwamba anakwenda nyumbani, nikamjibu: Alisimama. Aliacha arusi ya mwanawe akasimama toka mchana mpaka jioni, na alikuwa na nguo ya arusi, na alilia.

Nilitia hata nguo, Dada. Hata machozi niliyatia.

Alinijibu kwa kunishukuru. Anasema usiku akishtuka hukumbuka kwamba kulikuwa na mwanamke pale, na hulala tena. Amesema stesheni ikifunguliwa atakuja, liwe liwalo, kukushika mkono.

Nakuomba kama nilivyokuwa nakuomba mkate nikiwa mdogo. Akija, nyamaza. Mwache akushike mkono. Ni uongo, lakini ndio mto anaolalia, na si wewe uliyeushona. Beba na hilo kwa ajili yangu.

Kassian


Haslbrunn, 12 Mei 1985

Mdogo wangu Kassian,

Marahaba. Benno ana meno manne na anauma. Leni hajambo, Gustl anaanza kubishana, tunafurahi. Xaver mzima.

Stesheni ilifunguliwa Jumamosi iliyopita. Bendi, meya, padri, waziri mdogo mwenye mkasi. Safari za siku ile zilikuwa bure, na Xaver, ambaye aliipinga miaka yote, amekwenda Munich na kurudi mara tatu, na mara ya tatu alibeba mto wa kukalia. Bibi mtunza kanisa alikanyaga zile ngazi akafika chini, kisha akapanda akashuka tena. Vigae vinang'aa. Watoto walipiga kelele ndani ya handaki wasikie mwangwi.

Kibao changu walikitoa asubuhi. Ignaz akanipa sanamu ya Barbara mbele ya watu wote, kama desturi ilivyo, na watu wakapiga makofi. Alinitazama kwa kitambo kidogo. Wachimbaji hawakupiga makofi, na watu wa mjini hawakuona.

Hapo ndipo mwanamke mmoja mfupi aliponijia, amevaa nyeusi, kikapu mkononi. Sikuhitaji kuambiwa. Aliweka kikapu chini, akanishika mikono yote miwili pamoja na sanamu, akaibusu mikono yangu. Akasema, "Mama, mimi ni Agathe wa Valentin. Nimekuletea paja la nguruwe la moshi, nimelikausha mwenyewe. Sina kitu kingine cha kukupa kwa ulichonifanyia." Nyuma yake Ignaz alikuwa anatazama chini. Xaver alikuwa anatabasamu kwa sababu hajui.

Nilijaribu, Kassian. Nilifungua mdomo niseme asante. Barua yako nilikuwa nimeisoma mpaka ikachanika kwenye mkunjo, na nilikuwa nimeshaamua kukutii. Lakini alikuwa ameishika mikono yangu, na mikono yenyewe ndiyo ile iliyobeba sinia. Nikaona akienda nyumbani na mimi nabaki na paja lake la nguruwe, nalikata vipande, nawapa wateja.

Nikamleta jikoni, nikafunga mlango. Nikamwambia yote. Kofia, jina, sinia, madirisha. Nikamwambia kwamba wewe ulidanganya kwa kumhurumia na mimi nadhani kwa kunihurumia pia. Sikulia, kwa sababu ulishamwambia kwamba nililia, na sikutaka kumlipa kwa hilo.

Alikuwa amekaa mezani, paja la nguruwe mbele yake. Jikoni kulikuwa na moto, chungu kinatokota, na nje uwanjani bendi inapiga. Kisha akainuka, akalichukua lile paja mezani, akalirudisha kikapuni, akalifunika na kitambaa. Akauliza, "Ulikuwa unapakua nini?"

Nikasema, "Samahani?"

"Siku ile. Umesema ngoja nipakue nyama. Nyama gani?"

Nikamwambia. Supu ya madonge ya maini. Nyama ya ng'ombe ya kuchemsha na figili kali ya kukuna. Kisha nguruwe wa kuoka, ngozi imekauka inavunjika, na kabichi.

Akasema, "Chakula hicho kipo leo?"

Kilikuwepo. Siku za sherehe sisi hatupiki kingine. Akasema, "Sijakusamehe. Sijui kama nitakusamehe, na ndugu yako mwambie asiniandikie tena. Lakini nimekuwa njiani tangu jana na nina njaa. Nipakulie."

Nikampakulia kila kitu, kwa mpangilio ule ule. Alikula taratibu, mpaka mwisho, na mchuzi akaufuta kwa mkate. Mimi nilisimama kando ya meza toka kijiko cha kwanza mpaka alipokunja kitambaa, na hakuniambia nikae.

Dada yako,
Burgl